Kipimo cha Siku ya Mahari

Nyanga, Bukoba
11 Machi 2024

Kaka Gozbert, waitu, shikamoo.

Habari za Kamachumu? Dativa hajambo? Na bibi harusi wetu Jovina? Sisi huku tu wazima. Mvua zimeanza, na paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, maana fundi alikula hela akaziba pengine. Kamala anakusalimu. Anasema ulipokuja ulimshinda bao, ila anadai uliiba kete.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu zipo. Lakini simu yenu naijua. Anapokea aliye karibu, anaweka spika, na kabla sijamaliza salamu nusu ya kijiji imeshasikia. Majibu ya damu si habari ya spika. Barua hii anakuletea Yasmin, yule anayeuza vitenge kwenye gulio lenu. Nimeibandika kwa gundi. Ukiikuta wazi, ujue ameshajua habari zako.

Kaka, ile damu niliyokutoa kwenye maabara yetu nilipokuingiza katika mpango wa kupima watu waliovuka miaka hamsini, majibu yake yametoka. Kiuno chako ni sentimita mia moja na tisa. Presha 148 kwa 94. Sukari kabla ya kula ni 6.8, bado hujaitwa mgonjwa wa sukari, lakini uko mlangoni na mkono umeshagusa kitasa. Mafuta mabaya yamepanda, yale mazuri yameshuka. Mambo haya yakikutana kwa mtu mmoja, wataalamu wanayaita sindromu ya metaboliki. Jina ni kubwa, maana yake ni kwamba moyo, figo na mishipa vinaliwa kimyakimya.

Kuna kipimo kingine kinaitwa CRP. Ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapokuwa na uvimbe ndani, hata kama kwa nje huoni kitu. Mafuta ya tumboni hayakai bure, kaka. Yanatoa kemikali zinazowachokoza askari wa mwili, nao wanapigana miaka na miaka na adui asiyekuwepo. Mtu mzima mwenye afya huwa chini ya 3. Wewe una 7.6. Kwa watu tuliowapima, wenye viuno vipana na sukari ya juu wengi wako hivyohivyo, sita, saba, nane. Kwa hiyo sikushtuka sana. Lakini nimeogopa.

Baba alianguka kibanjani, katikati ya migomba yake, ana miaka sitini na miwili. Tulisema mengi siku zile, hata jirani tulimtaja kuwa mchawi. Hakuna aliyewahi kumpima. Wewe una hamsini na tisa.

Punguza hiyo pombe ya ndizi, rubisi, punguza nyama ya jioni, tembea. Nenda kliniki hapo karibu, wakuanzishie dawa ya presha. Nakuomba kwa magoti.

Mdogo wako,
Felicitas


Kamachumu
6 Aprili 2024

Mdogo wangu Felicitas,

Marahaba. Barua imefika na gundi yake. Nimeisoma chooni, mahali pekee katika nyumba hii ambapo Dativa haulizi "hiyo nini?" Pasaka tumeila vizuri. Kahawa imeweka maua mengi, ila mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa mtoni na nimeng'oa mashina kumi na manne kwa mkono wangu. Mwambie shemeji Kamala kwamba mtu asiyejua kuhesabu kete asicheze na mwalimu.

Sasa nisikilize. Nimefundisha darasa la saba miaka thelathini na mmoja na nimesahihisha barua nyingi. Yako nimeipa mwandiko tisa, adabu sita. Tangu lini mtoto wa kike akamwandikia kaka yake mkubwa sentimita za kiuno? Baba alikuwa na tumbo kuliko hili na watu walimpisha njia. Nikikonda mwaka huu watasema nini? Watasema mwalimu amestaafu, pensheni imekwisha na Dativa hampikii. Tena wengine watasema mabaya zaidi, wewe unayajua.

Na zaidi ya yote, siumwi. Naamka saa kumi na moja, nalima. Zamani nilikuwa siwezi kukanyaga kisiki cha mbuni bila kupiga kelele, Dativa akanicheka. Siku hizi natembea pekupeku kibanja kizima, mwiba unaingia unatoka, wala sisikii. Mwili ukikomaa umekomaa. Hizo protini zako ziache zipigane huko ndani, sijazikataza.

Habari kubwa ni hii: Mzee Kahigi wa Kagondo, baba yake bwana harusi, amethibitisha. Wanakuja kutoa mahari ya Jovina Jumamosi tarehe nane Juni. Wataleta pombe yao kama desturi inavyotaka, lakini mimi nitawapokea kwa rubisi ya kwangu. Nimeshachagua mikungu ya kuivisha, na ndizi nitazikanyaga mwenyewe. Vijana wa siku hizi wanakamua kwa mikono ndani ya mifuko ya plastiki, halafu wanaiita rubisi! Mtumbwi wa Baba wa kukanyagia ndizi bado upo, na miguu inayojua kazi ni hii yangu. Uje mapema, umsaidie wifi yako kupanga wageni.

Kaka yako,
Gozbert

N.B. Dawa ya presha nitaianza baada ya mahari. Siwezi kuwapokea wakwe nikiwa na kizunguzungu cha vidonge.


Nyanga
17 Juni 2024

Kaka, shikamoo.

Tulifika salama. Kamala bado anaisifia sherehe. Kahigi, mtu mkavu vile, sikutegemea kama angecheka mbele za watu, na kibuyu cha pili aliomba mwenyewe. Jovina alipendeza mpaka nikalia, na wala sijutii. Waliposema kwa sauti kwamba rubisi kama ile hawajainywa tangu wazee wafe, nilikutazama nikadhani utasimama ucheze. Hukusimama. Uliinamisha kichwa. Nikasema moyoni, kaka amezeeka, anamlilia binti yake.

Asubuhi yake, kabla hujanywa uji, nilikutoa damu ukalalamika kwamba nakugeuza ng'ombe. Niliileta Bukoba kwenye kiboksi cha barafu. Sukari sasa ni 9.4. Umeshaingia mlangoni, kaka, na umeketi. Hilo tutalizungumza.

Kilichonikosesha raha ni CRP. Mwezi wa tatu ilikuwa 7.6. Sasa ni 58.

Nilirudia mara tatu. Nilibadilisha kitendanishi, nikapima damu yangu kando ya yako nione kama mashine imeharibika. Yangu ilitoka 2. Mashine ni nzima. Kitambi hakimfikishi mtu 58. Kitambi ni moto wa pumba, unafuka tu. Hii ni kitu kingine, mwili wako unapigana na adui wa kweli, tena yuko mahali fulani. Kipimo hiki ni kama mbwa anayebweka, anakuambia kuna mtu lakini hakuambii ni nani wala amejificha wapi.

Una kikohozi? Mkojo unauma? Jino? Tumbo? Homa za jioni? Nijibu kwa Yasmin Jumamosi hiihii. Usipojibu nitajua umekasirika.

Felicitas


Kamachumu
25 Agosti 2024

Felicitas,

Marahaba. Samahani kuchelewa. Msimu wa kahawa umetubana. Bei ya mwaka huu imewatia watu wazimu, mpaka waliokuwa wameng'oa mibuni wanaomba miche. Nimekausha magunia sita na mengine yapo bado mtini. Dativa ana mafua. Jovina ameshapeleka vipimo vya gauni kwa mshonaji. Kahigi ametuma ujumbe kwamba ndoa ni tarehe thelathini Novemba, na padri amekubali.

Lile uliloniuliza. Lilikuwa jino. La nyuma, upande wa kushoto, lilioza. Nimeling'oa na sasa ni mzima.

Usilete tena kiboksi chako. Damu iliyobaki naitaka kwa harusi.

Gozbert


Nyanga
29 Septemba 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi. Wote hatujambo.

Barua yako ya jino niliipokea nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma tena. Wewe huwezi kuandika ukurasa bila kunitania, hata ulipoandika kuhusu msiba wa Mama ulinitania. Ile ilikuwa na utani mmoja tu, nao ulikuwa wa kunifukuza.

Wiki iliyopita Dativa alikuja mjini kununua viatu vya harusi, akapita hapa. Hakusema neno baya juu yako, mke wako ana siri kuliko kaburi. Alisema tu kwamba umehamia chumba cha nje kwa sababu ya joto. Joto, Kamachumu, mwezi wa Septemba! Akasema unapenda siku hizi kuchoma majani ya mkaratusi chumbani, yananukia vizuri. Na kwamba tangu Julai huendi misa, unasali nyumbani. Alipokwisha kusema hayo alitazama miguu yake mwenyewe, akaaga.

Kaka, vua buti.

Siku ya mahari ulivaa buti za mpira za shambani. Jua lilikuwa linawaka, hakuna hata tone la matope, wakwe wamevaa viatu vya ngozi, na wewe mwenye nyumba, umevaa suti ya kustaafia, umevaa buti. Niliziona tangu naingia getini. Niliziona tena asubuhi nilipokuwa nakufunga mpira wa mkononi kutoa damu. Zilikuwa zimekaa hapa, nusu mita kutoka kwenye goti langu.

Sikuuliza. Wageni wangapi nimewavua viatu kule maabara? Wazee kwa vijana, nawaambia vua nione nyayo, ndiyo kazi. Lakini wewe umekaa kwenye kiti cha Baba, wakwe bado wamelala chumba cha pili, na mimi ni mtoto wa mwisho. Ningeanzia wapi kukuambia vua viatu nikuone? Kwa hiyo nikaandika kikohozi, mkojo, jino, tumbo, homa. Mguu niliuruka. Si kwamba niliusahau. Niliuruka, maana ningeuandika ingenibidi niseme kwamba niliziona zile buti nikanyamaza. Wewe ukachagua jino katika orodha niliyokupa mwenyewe.

Nawe mwezi wa nne uliniandikia kwamba mwiba unaingia unatoka husikii. Nikacheka. Mimi, mtu wa maabara, nikacheka! Hiyo ni sukari, kaka. Inakula mishipa ya fahamu ya miguu kwanza.

Kutoka Nyanga hadi Kamachumu si safari. Ningeweza kupanda gari leo nikaja. Naogopa nitakachokiona, na naogopa utanifukuza mbele ya Dativa. Simu hupokei. Nijibu. Niambie ni mguu upi.

Felicitas


Kamachumu
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Ni wa kulia.

Nimekaa na barua yako karibu wiki mbili chini ya godoro. Nimeandika majibu matatu nikayachana. Hili la nne naliandika bila kulisoma tena, maana nikilisoma nitalichana.

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya mahari. Ndizi zilikuwa zimeiva barabara, nimezimenya, nimezipanga mtumbwini na nyasi zake, nikaingia. Nilikanyaga saa nzima nikiimba. Ule mtumbwi una ubavu mmoja umepasuka, Baba aliushona kwa msumari mwaka ule aliporudi kutoka Uganda. Msumari ulikuwa umetokeza. Sikuusikia, Felicitas. Naapa sikuusikia kabisa. Niliona povu upande wangu wa kulia limekuwa jekundu, nikadhani ni nyasi. Nilipoinua mguu ndipo nikaona ngozi ya chini ya kidole gumba inaning'inia.

Nilikuwa peke yangu. Nikaufunga mguu kwa jani la mgomba, nikavaa buti. Nikasimama naitazama ile juisi. Madebe saba, na ndizi nyingine hazikuwepo, na wakwe wanakuja keshokutwa. Nikaichuja mara mbili. Nikatia mtama, nikaifunika. Wakainywa. Wakaisifu. Kahigi aliomba kibuyu cha pili, wewe uliona. Ulidhani namlilia binti yangu.

Sasa wewe ni mtoto wa Kihaya, huna haja ya kuelezwa omukago. Watu wawili wakila damu ya mmoja wao na kahawa ya ganda moja, wamekuwa ndugu, na watoto wao ni ndugu, hawaoani. Mimi nimesoma. Nimewafundisha watoto sayansi. Lakini kwenye ukoo wa Kahigi kuna wazee wawili ambao hawajasoma chochote ila hayo. Wakisikia kwamba Kahigi amekunywa damu ya baba yake Jovina, watasema Jovina na mwanawe Kahigi ni kaka na dada. Harusi itakufa, na binti yangu ataitwa jina hilo mpaka azeeke. Hata asiyeamini omukago, atakubali vipi kwamba mwalimu aliwanywesha wakwe damu yake akijua?

Nikionyesha kidonda, wataniuliza nilikipata lini. Kijiji kizima kinajua ni nani alikanyaga zile ndizi na siku gani. Kwa hiyo nikasema nitavumilia mpaka tarehe thelathini Novemba. Wakishafunga ndoa, nitavua buti. Hakiumi, nikajiambia, kitu kisichouma kinaweza kusubiri.

Kidole gumba ni cheusi. Cha pili yake kimeanza. Harufu imenishinda, majani ya mkaratusi hayaifuniki tena. Juzi usiku nilitetemeka mpaka kitanda kikalia.

Ninaogopa, Felicitas. Usimwambie Jovina.

Gozbert


Nyanga
15 Oktoba 2024

Kaka,

Yasmin amenikabidhi barua yako mchana huu kazini. Nampa hii mtu wa pikipiki aitangulize, nami nakuja kesho alfajiri na gari ya kukodi. Kamala atakuwa nami. Dativa akufungie nguo za wiki mbili, tutakupeleka hospitali Mwanza.

Omukago haumwangukii mtu kwa bahati mbaya. Wawili hukaa, wakaapa, wakala wanachojua wanakula. Wewe na Kahigi mliapa nini? Hamkuapa kitu. Hiyo ilikuwa ajali ya msumari. Kama wazee wake wanataka ubishi nitakwenda Kagondo mwenyewe na koti langu jeupe.

Sijakasirika. Nitakasirika baadaye, ukipona.

Usiuoshe kwa chumvi, usiweke majani, usitembee. Na usivae buti kunipokea.

Felicitas


Mwanza, wodi ya upasuaji
20 Novemba 2024

Mdogo wangu Felicitas,

Marahaba, ingawa hujanisalimu bado. Habari za Nyanga? Najua ulirudi kazini kwa shida, bosi wako ana haki ya kununa baada ya majuma mawili. Hapa wanatulisha wali mweupe na maharage, na kila asubuhi nesi mmoja wa Kisukuma ananichoma insulini huku akiniita "babu". Nimemwambia mimi ni mwalimu. Sasa ananiita babu mwalimu. Nasikia senene wameanza kuanguka kwenye taa huko na mnawakaanga. Nikumbukeni.

Ulipoondoka walikuwa wamekata vidole tu. Haikutosha. Tarehe tisa walirudi wakakata chini ya goti. Nimejiandikia vipimo vyako kwenye daftari kama maksi za mwanafunzi: ile CRP nilipofika ilikuwa 212, baada ya vidole 160, baada ya mguu 71, jana 14. Daktari anasema ikifika chini ya kumi, inayobaki itakuwa ile ya kitambi, na hiyo tutapambana nayo polepole. Nimekubali dawa zote. Nakula wanachonipa.

Nilimuuliza kama ningekuja Juni ingekuwaje. Ni kijana mkweli, hakunificha. Kidole kimoja, alisema. Pengine hata kidole kisingekatwa. Nakuambia mimi kabla hujalisikia kwa mwingine, kwa sababu nakujua, utakuwa unalala ukizifikiria zile buti. Mguu ulikuwa wangu, na mdomo wa kusema ulikuwa wangu.

Kahigi alikuja. Nilimwita mwenyewe, nilikataa wewe uende Kagondo na koti lako. Aliketi kwenye kiti cha plastiki na kofia yake magotini, nikamweleza yote, mtumbwi, msumari, povu, madebe saba. Akauliza ilikuwa damu kiasi gani. Nikamwambia sijui. Akaizungusha ile kofia mpaka nesi akaja akabadilisha dripu na kuondoka. Kisha akasema, "Mwalimu, ungeniita siku ile ile. Tungeimwaga wote wawili, tukawanywesha watu chai." Akaniachia machungwa. Ndoa iko palepale, tarehe thelathini, na mimi nitakuwa hapa kitandani. Wazee wake hajawaambia, na anasema hana mpango huo.

Jovina nilikuwa nimemficha bado. Alijua kuhusu sukari na kidonda, hakujua ya mtumbwi. Wiki iliyopita, Kahigi alipoondoka, aliingia yeye, nikaona siwezi tena kuiweka. Nikamwambia kwamba nilisubiri kwa ajili yake, ili aolewe kwa heshima, ili asiitwe jina baya. Niliyasema kama baba anayetoa zawadi, sitakudanganya.

Hakulia. Alifunua shuka, akautazama mguu uliofungwa bendeji mpaka unapoishia. Halafu akasema, "Baba, hukuniuliza. Mimi ningechagua mguu."

Akanifunika, akachukua chupa, akaenda kutafuta maji ya moto. Tangu hapo anakuja, ananiosha, ananilisha, hanisemeshi.

Kaka yako,
Gozbert